Ngazi Isiyo na Tajiriba: Je, Mhusika Akuzwe Haraka au Polepole?

Wahenga wetu hawakutuachia kauli moja kuhusu suala la kasi. Waliotuambia kwamba haraka haraka haina baraka ndio hao hao waliotuonya kwamba chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Waliosema polepole ndio mwendo hawakusita kuongeza kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi hufunzwa mapema kwamba ukinzani wa aina hii si udhaifu wa methali. Kila methali ina muktadha wake, na hekima imo katika kujua ni ipi itumike wapi. Nimekumbushwa somo hili na mjadala ambao huenda baadhi ya wasomaji wa jarida letu wakauona wa kitoto, nao ni mjadala wa wachezaji wa michezo ya uigizaji mtandaoni kuhusu iwapo mhusika akuzwe haraka au polepole. Nakusudia kuonyesha kwamba mjadala huo una uzito, na kwamba sisi tunaosoma fasihi ya Kiswahili tuna la kuchangia. Msimamo wangu nautoa mapema: naunga mkono ukuaji wa polepole, ila kwa sharti moja ambalo wengi wanaoutetea hulisahau.

Kwa manufaa ya msomaji asiyeijua michezo hii, yafaa nieleze kwa ufupi. Mchezo wa aina hii ni ulimwengu wa kubuni ambao maelfu ya watu huuingia kwa pamoja kupitia mtandao. Kila mmoja huunda mhusika wake, akampa jina, sura na kazi: awe shujaa wa upanga, mpiga mishale, mganga au mchawi. Mhusika huanza akiwa dhaifu, katika ngazi ya kwanza. Kila anapomshinda adui, anapofua chuma, anapovua samaki au anapotimiza kazi aliyotumwa, huongezewa alama za tajiriba. Alama hizo zikifikia kiwango kilichowekwa, hupanda ngazi moja. EverQuest, ulioanza mwaka 1999, RuneScape wa mwaka 2001 na World of Warcraft wa mwaka 2004 ni miongoni mwa michezo iliyoeneza kanuni hizi duniani, na leo kanuni hizo hizo zimo katika michezo mingi inayochezwa kwa simu za mkononi.

Mwanafasihi atavutiwa kwanza na istilahi zenyewe. Mhusika, tajiriba, safari, jaribio: haya ni maneno yetu. Tangu enzi za ngano, shujaa huondoka nyumbani akiwa hajulikani, hukumbana na mazimwi na vishawishi, kisha hurejea akiwa mtu mwingine. Waundaji wa michezo hii waliichukua sarufi hiyo ya kale wakaipa tarakimu. Kile ambacho msimulizi angekieleza kwa maneno, kwamba kijana amekomaa, wao hukieleza kwa namba iliyo juu ya kichwa cha mhusika.

Namba hizo zina hesabu ya kustaajabisha. Katika RuneScape, stadi hupanda kutoka ngazi ya 1 hadi ngazi ya 99, na kuifikia ngazi ya 99 kunahitaji alama 13,034,431. Mtu angedhani kwamba nusu ya safari ni ngazi ya 50 hivi. La hasha! Nusu ya alama hizo hutimia mchezaji anapofika ngazi ya 92. Ngazi saba za mwisho zina kazi sawa na zote zilizotangulia. Si ajabu, basi, kwamba wachezaji wamegawanyika katika kambi mbili. Wapo wanaotembea, wakisoma kila hadithi, wakizungumza na kila mwanakijiji, wakipotea misituni. Wapo pia wanaokimbia: hurudia kazi moja yenye alama nyingi usiku kucha, hujikinga nyuma ya rafiki mwenye nguvu awaulie maadui, hutumia programu inayomchezesha mhusika wao wakiwa wamelala, au humlipa mtu mwingine awapandishie ngazi.

Haki inatutaka tuisikilize kambi ya wenye haraka kabla ya kuihukumu. Hoja yao ya kwanza ni ya kijamii. Rafiki zako wakiwa tayari wamefika juu nawe ungali chini, mtakuwa katika mchezo mmoja lakini hamwezi kucheza pamoja. Hoja ya pili ni ya yule aliyekwisha kuipita njia. Aliyemkuza mhusika mmoja kwa miaka mitatu anapounda wa pili, ana sababu gani ya kujifunza tena anachokijua? Hoja ya tatu ni ya kiuchumi, na ndiyo inayotugusa sisi. Waliotutangulia katika vyuo vya Kenya walicheza katika mikahawa ya intaneti, maarufu kwa jina la saiba, ambako muda ulilipiwa kwa dakika. Nyaya za chini ya bahari hazikufika Mombasa hadi mwaka 2009. Kabla ya hapo mtandao ulipitia setilaiti na ulikuwa ghali. Leo tuna bando katika simu, lakini bando nalo huisha. Mwenye nusu saa ya mtandao kwa siku hana anasa ya kupotea misituni. Kumwambia kwamba subira huvuta heri ni kumwekea kanuni iliyotungwa na mwenye muda na fedha.

Hoja hizi zina nguvu. Hata hivyo, historia ya michezo yenyewe inatuonyesha jambo jingine. Mwaka 2013 kampuni ya Jagex, inayomiliki RuneScape, iliwapigisha kura wachezaji wake kuhusu kurejeshwa kwa mchezo ulivyokuwa mwaka 2007, kabla ya kurahisishwa na kuwekewa njia za mkato. Mamia ya maelfu walipiga kura kuunga mkono, na toleo hilo la kale likafunguliwa mwezi Februari mwaka huo huo. Mwaka 2014 kampuni ya Blizzard ilianza kuuza ngazi ya 90 katika World of Warcraft kwa dola 60 za Kimarekani. Ngazi hiyo ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa wakati huo. Miaka mitano baadaye, mwaka 2019, kampuni hiyo hiyo ilifungua upya mchezo wake wa zamani, ambao kufika ngazi ya 60 kulimchukua mtu wa kawaida wiki nyingi, na watu wakapanga foleni za saa kadhaa wakingoja kuingia. Kisha mwaka 2020, katika mchezo wake mkuu, ikapunguza ngazi zote ili aliyekuwa katika ngazi ya 120 aamke akiwa katika ngazi ya 50. Ngazi ilifanywa kama sarafu iliyoporomoka thamani: ilichapishwa kwa wingi, ikauzwa, mwishowe ikabidi ikatwe sufuri.

Kwa nini watu warudi kwa hiari yao kwenye mateso ya polepole? Hapa ndipo uhakiki wa fasihi unapotusaidia. Tumefunzwa kutofautisha mhusika bapa na mhusika duara. Mhusika bapa habadiliki. Sifa zake hutajwa mwanzoni, naye huzibeba hadi mwisho. Mhusika duara hukua, na kukua kwake huonekana kwa sababu tunashuhudia yanayomkuta na jinsi anavyoyachagua. Chukua riwaya ya Ken Walibora, Siku Njema, iliyotoka mwaka 1996 na iliyosomwa na wanafunzi wengi wa shule za sekondari nchini mwetu. Kongowea Mswahili anatoka Tanga akaja Kenya kumtafuta babaye. Mwandishi angeweza kutuambia katika sentensi moja kwamba kijana alimpata mzazi wake. Tungekuwa na habari, lakini tusingekuwa na riwaya. Thamani ya kukutana kwa baba na mwana imo katika kila hatua iliyotangulia: ufiwa, dhuluma, njaa, barabara. Ukiziondoa hatua hizo, mwisho unabaki vile vile kwa maneno ila unapoteza maana.

Ngazi katika mchezo ni sentensi ya mwisho ya hadithi. Inasema: huyu amepitia mengi. Anayeinunua ananunua sentensi ya mwisho bila riwaya. Na athari zake hazibaki kwake peke yake. Katika siku za mwanzo za World of Warcraft, vita vikubwa vilihitaji kundi la watu 40, kila mmoja akiwa na wajibu wake. Mganga aliyefika pale kwa kupandishwa na mwingine alikuwa na ngazi sawa na wenzake, lakini hakujua ni nani wa kumtibu kwanza wala ni wakati gani wa kuhifadhi nguvu zake. Kosa lake moja liliweza kuwaangamiza watu 39 waliomwamini kwa sababu ya namba iliyokuwa juu ya kichwa chake.

Hadi hapa huenda msomaji akaona kwamba nimejiunga na kambi ya polepole bila masharti. Sivyo. Polepole nayo ina uongo wake. Mtu anayemuua panya yule yule mara 5,000 ametumia muda mwingi, lakini hakukutana na jaribu lolote jipya baada ya panya wa kumi. Mhusika wake amepanda ngazi akabaki bapa kama alivyokuwa. Muda peke yake haumkuzi mhusika, katika mchezo wala katika riwaya; kinachomkuza ni tukio linalomlazimisha kuchagua au kujifunza. Ndilo sharti nililolitaja mwanzoni: polepole iwe ya kufunza.

Kuna uongo mbaya zaidi, nao ni polepole ya kutengenezwa. Michezo mingi ya simu hutolewa bure, kisha mchezaji akishanogewa, njia hufanywa ndefu kwa makusudi. Ngome itajengwa kwa saa 48, mhusika atangoje hadi kesho ndipo aamke, isipokuwa ukilipa shilingi kadhaa kupitia simu yako. Muuzaji wa haraka na mtengenezaji wa polepole ni mtu mmoja. Huko hatuwezi kumlaumu kijana anayelipa kana kwamba amekosa subira, maana subira yenyewe imegeuzwa bidhaa. Linganisha na uamuzi wa waundaji wa World of Warcraft. Katika majaribio ya awali walimpunguzia alama mchezaji aliyekaa mchezoni muda mrefu, watu wakalalamika. Wakaigeuza kanuni: aliyetoka akapumzika huongezewa alama arudipo. Hesabu ilikuwa karibu ile ile, lakini sasa pumziko likawa sehemu ya ukuaji na halikuwa adhabu tena.

Sisi tunaoishi Eldoret hatupaswi kushangazwa na fikra kwamba pumziko ni sehemu ya ukuaji. Mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Agosti 2024, umezungukwa na kambi za wanariadha, kutoka Kaptagat hadi Iten. Ukiamka alfajiri utawaona wakianza mbio zao kwa mwendo ambao hata mhadhiri mwenye kitambi angeweza kuufuata kwa dakika chache. Eliud Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003, lakini mbio zake za kwanza za marathoni alizikimbia Hamburg mwaka 2013, muongo mmoja baadaye. Mwaka 2018 akaweka rekodi ya dunia ya marathoni kule Berlin, na mwaka 2022 akaivunja mwenyewe papo hapo Berlin.

Mpinzani wangu atanijibu kwa jina la Kelvin Kiptum. Huyu alikimbia marathoni yake ya kwanza Valencia mwezi Desemba 2022, na katika ya tatu, kule Chicago mwezi Oktoba 2023, akaweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 0 na sekunde 35. Je, huyo si shujaa aliyepanda ngazi haraka, kabla ya ajali ya barabarani kumwondoa duniani mwezi Februari 2024? Nasema hapana. Wanaomwona kama kimondo wanaanza kuhesabu Valencia. Alikuwa amekwisha kukimbia na kushinda nusu marathoni hapa hapa Eldoret miaka kadhaa kabla ya ulimwengu kulijua jina lake. Haraka yake ilionekana kwa waliokuwa hawamtazami. Nayo ni haraka halali, sawa na ya yule mchezaji anayemkuza mhusika wa pili kwa wepesi kwa kuwa njia anaijua. Haraka isiyo halali pia tunaijua katika riadha: ndiyo ya wanaotumia pufya. Adhabu za kufungiwa wanariadha wetu kwa makosa hayo zimeiaibisha nchi mara nyingi, na sababu ni ile ile. Muda ulioandikwa kwenye saa unadai tajiriba ambayo mwili haukuipitia.

Sasa nigeukie mahali ambapo suala hili linatuuma sisi wenyewe. Kupandishiwa ngazi na mtu mwingine kuna ndugu yake katika vyuo vikuu. Kwa miaka mingi vijana wa Kenya wameandika insha na kazi za darasa za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo. Ni kazi ya watu wenye akili na bidii, ambao mara nyingi wamekosa ajira inayowafaa, na sina moyo wa kuwatukana. England ilipiga marufuku biashara hiyo kisheria mwaka 2022, lakini mahitaji hayakufa. Lililo chungu ni hili: mwandishi wa Kenya anapata tajiriba yote ya kusoma, kupanga hoja na kuandika, naye anabaki bila shahada ile, mnunuzi anapata ngazi bila tajiriba. Wawili hao wamegawana kitu kisichogawanyika, na kila mmoja ameondoka na nusu isiyomfaa.

Tabia hiyo sasa imerudi nyumbani. Matangazo ya watu wanaojitolea kuandikia wenzao sura za tasnifu, wakusanye data na hata wajibu maswali ya msimamizi, si mageni kwa mwanafunzi yeyote wa uzamili. Na leo ipo pia programu inayoandika sura nzima kwa dakika chache, kwa Kiswahili kinachopita pasipo kosa la sarufi na pasipo wazo. Mwezi Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti katika taasisi za umma ulifichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi. Nyuma ya kila cheti kuna mganga ambaye hajui ni nani wa kumtibu kwanza, na safari hii wanaoangamia hawafufuki.

Mtu ataniambia kwamba vyuo vyetu navyo vina polepole yao ya kutengenezwa. Ni kweli. Sura inapokaa miezi minane ikisubiri kusomwa, au mwanafunzi anapokosa kufanya mtihani wa kutetea tasnifu kwa kuwa karo haijatimia, hakuna tajiriba anayoipata humo. Huyo anamuua panya yule yule. Kucheleweshwa kwa aina hii ndiko kunakomtuma mnunuzi sokoni, kama vile saa 48 za kungoja ngome zinavyomtuma kijana kulipa kwa simu. Hivyo, anayepigania uadilifu wa shahada hana budi kupigania pia kuondolewa kwa ungojaji usio na faida. Ukiiacha njia ijae mateso yasiyofunza, usishangae wasafiri wakitafuta uchochoro.

Kwa mintarafu ya hayo, napendekeza mambo mawili. Kwanza, sisi wachezaji na wasomi tuache kuulizana umefika ngazi gani, tuulizane umepitia nini kufika hapo. Swali hilo halina bei wala halijibiki kwa namba. Katika utetezi wa tasnifu, dakika kumi za swali hilo zingefichua zaidi ya programu yoyote ya kugundua wizi wa maandishi. Pili, chama chetu kiwahimize wanachama wenye kipaji cha utunzi washirikiane na wenzao wa sayansi ya tarakilishi kubuni michezo ya Kiswahili. Malighafi tunayo. Fumo Liyongo wa tenzi zetu ana nguvu zisizo na mfano tangu ujana wake. Laiti angekuwa mhusika wa mchezo wa kawaida, angeanza katika ngazi ya mwisho. Lakini kisa chake kinatufunza kwamba nguvu hizo hazikumkinga na usaliti wa mwanawe mwenyewe. Mchezo utakaojengwa juu ya kisa kama hicho hautampandisha mchezaji kwa idadi ya aliowaua. Utampandisha kwa kuwa amejua wa kumwamini, amefumbua fumbo, au amekubali kupoteza kitu ili aokoe kingine.

Mchezo wa namna hiyo hauwezi kuharakishwa kwa fedha, kwa sababu kinachokua ndani yake ni mchezaji mwenyewe. Wala hautahitaji kurefushwa ili kuuza njia ya mkato, kwa maana atakayeufikia mwisho wake atakuwa na hadithi ya kusimulia. Mwenye kuuanza na auanze sasa, hata kwa hatua fupi, na wahariri wa jarida hili watutengee ukurasa wa kuchapisha visa vitakavyopatikana.